Uzi: Tabia ya pesa na kazi inajengwa kabla mshahara haujaingia, si baada ya kuisha

Mleta mada

Habari za muda huu wakuu.

Kazi yangu ni kuandaa mishahara, kwa hiyo kila mwezi slipu za watu wengi zinapita mikononi mwangu. Siwezi kusema habari za mtu hapa, ila kuna jambo linajirudia mno na naona vijana wanaoanza kazi walisikie mapema.

Chukua watu wawili wenye cheo kimoja na mshahara mmoja. Wote wamepanga, wote wana watoto. Ikifika tarehe 10 mmoja yuko mlangoni kwangu anaulizia advansi, mwenzake anaulizia bei ya saruji. Ukichunguza, yule wa advansi mara nyingi si mlevi wala hana anasa. Ni mtu mwema anayelea familia. Kinachowatenganisha ni kwamba mmoja ameshaamua pesa itakwenda wapi kabla haijaingia, mwingine anaanza kuamua ikiwa tayari iko kwenye simu, na wakati huo kila mtu anaijua.

Nataka tuongelee hilo kwa undani, kwa sababu mafunzo mengi ya mafanikio yanaishia kwenye "uwe na nidhamu", "amka saa kumi alfajiri". Mtu anatoka pale amejaa moto, wiki mbili baadaye amerudi alipokuwa, na anajiona ana kasoro. Hana kasoro. Amepewa kazi ya kushindana na nafsi yake kila siku, na hakuna anayeshinda vita hiyo kila siku.

Tuanze na hesabu, maana wengi hawajawahi kuisoma slipu yao mstari kwa mstari. Mtu wa sekta binafsi hapa Tanzania mwenye mshahara wa shilingi 800,000 na mkopo wa chuo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anakatwa 10%, yaani 80,000. Inabaki 720,000 ya kukatwa kodi, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 kodi yake ni 60,000. Bodi ya Mikopo inachukua 15% ya mshahara wa msingi, 120,000. Kinachobaki mkononi ni 540,000. Sasa huyu ndugu kichwani anaishi na ile laki nane. Ndiyo anayowatajia ndugu na rafiki, ndiyo aliyoitumia kuchagua nyumba ya kupanga. Tofauti ya 260,000 kila mwezi anaifidia kwa kukopa bila kujua kwamba anaifidia. Tabia ya kwanza kabisa, kabla ya kuweka akiba, ni kuacha kuutaja mshahara ghafi hata moyoni. Mshahara wako ni kile kinachofika benki.

Ya pili ndiyo nguzo ya uzi huu. Nenda benki uweke agizo la kudumu: tarehe fulani kila mwezi, kiasi fulani kiondoke chenyewe kwenda mahali ambapo kukitoa kunakuhangaisha kidogo. Kuna uchumi mzima umeandikwa juu ya hili. Marekani, Richard Thaler na Shlomo Benartzi waliwaomba wafanyakazi wakubali leo kwamba nyongeza za mshahara zitakazokuja, sehemu yake itaenda akiba moja kwa moja. Waliokubali walianza wakiweka 3.5% ya mshahara, na ndani ya miezi 40 wakawa wanaweka 13.6%. Hawakuongezewa nidhamu. Waliamua mara moja tu, wakati pesa haijaonekana, na baada ya hapo hawakuhitaji kuamua tena.

Kwetu njia zipo. SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya kazini inakata kwenye mshahara kabla hujauona. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unaanza na 100,000 kisha unaongeza hata 10,000, na ukitaka pesa yako unaomba na kusubiri siku chache za kazi. Hizo siku chache ndizo ninazozipenda mimi. Pesa unayoipata ndani ya sekunde tano huwezi kuiita akiba, maana kila shida itakayopiga hodi itaikuta mezani.

La mwisho kabla sijawaachia nafasi: kazi. Watu wanatenganisha tabia za pesa na tabia za kazi, wakati mshahara mkubwa unatoka kwenye kazi inayoonekana. Nawasihi muwe na daftari. Kila jioni kabla hujafunga kompyuta au kuvua ovaroli, andika ulichomaliza, kwa idadi. Si "nilishughulikia ankara". Andika hivi: "Jumanne. Nimekagua ankara 14 za wauzaji. 2 zimerudishwa, hazina risiti ya mashine ya kodi (EFD). Moja bei imezidi mkataba, nimemjulisha bosi wa manunuzi." Mistari mitatu tu. Ukifika wakati wa tathmini, mwenzako anakumbuka wiki mbili zilizopita na wewe una mwaka mzima. Ukiitwa usaili kwingine, una majibu yenye namba. Nimeona watu wakipandishwa cheo ambao hawakuwa wajuzi kuliko wenzao, lakini waliweza kuonyesha walichokifanya.

Karibuni tuchangie. Wenye njia nyingine waziweke.

Mchangiaji, Dar

Mkuu heshima yako, nondo nzuri. Ila unaongea na wenye mishahara. Mimi ni boda, pikipiki ya mkataba, namlipa tajiri mwenye nayo kila siku mpaka iwe yangu. Kila jioni hesabu ya tajiri lazima iwe kamili, mafuta yangu, tairi likipasuka langu, mvua ikinyesha siku nzima nimekaa kijiweni na hesabu inanidai. Agizo la kudumu naliweka wapi? Nahisi kuna watu shida yetu si tabia, ni kipato.

Mleta mada

Mkuu, umesema kweli na sitakupinga. Kipato kikiwa chini ya chakula na kodi ya nyumba, hakuna tabia itakayoziba pengo hilo, na anayemwambia mtu wa namna hiyo "punguza soda" anamkosea heshima. Hapo kazi ya kwanza ni kuongeza kipato.

Lakini wewe una kitu ambacho mwenye mshahara hana: mkataba wako una mwisho. Siku pikipiki inakuwa yako, ile hesabu ya kila siku inabaki mfukoni kwako. Na hapo ndipo nimeona wengi wanapotea, kwa sababu ndani ya miezi michache maisha yameshaimeza. Amua sasa hivi, wakati bado unamlipa tajiri, kwamba siku mkataba ukiisha utaendelea kulipa hesabu ileile, au hata nusu yake, kwenye kikundi au akaunti. Tabia ya kutoa pesa hiyo kila jioni umeshaijenga kwa jasho. Usiivunje, badilisha tu anayeipokea.

Kwa siku za sasa, mtu wa kipato cha kila siku aweke akiba kila siku na kwa sehemu, si kwa kiasi maalumu. Ukisema 5,000 kila siku, siku ya mvua utashindwa na utaona umeharibu. Ukisema sehemu moja ya kumi ya kinachobaki baada ya hesabu na mafuta, siku ya mvua unaweka 300 na bado umeitimiza.

Kenya kuna utafiti wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson uliofanyika magharibi mwa nchi, kwa watu wa vikundi vya kupeana zamu, kama michezo yetu. Baadhi waliwapa kitu kidogo sana: sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakakabidhiwa wenyewe. Kuwa na mahali salama tu pa kuweka pesa kuliongeza akiba ya afya kwa 66%. Vikundi vya kuweka na kukopeshana navyo vilisaidia sana. Lililonigusa zaidi ni kwamba kuitenga pesa kwa jina la kazi yake kuliwafaa hasa wale wanaoombwa mara kwa mara na ndugu na marafiki. Hilo nitalirudia, maana ndilo linalotumaliza wengi.

Mchangiaji, Mbeya

Mimi ni mama wa genge, niseme ninavyofanya labda kutamsaidia mdogo wangu wa boda.

Kosa la wengi sokoni ni kuona pesa ya mauzo ni yao. Nyanya umeuza tenga, umeshika 60,000, unaona umepata, unanunua kitenge, kesho huna pesa ya kuchukulia mzigo. Mimi mauzo ya siku yote yanaingia kwenye lipa namba au kwenye kopo la biashara. Jioni natoa posho yangu, kiasi kilekile kila siku, biashara iwe nzuri iwe mbaya. Mboga, nauli ya watoto na umeme vinatoka kwenye posho. Mtoto akiumwa nakopa kwenye kopo naandika, na narudisha.

Jumamosi ni VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana. Tunanunua hisa, tunachangia mfuko wa jamii, wanaotaka mkopo wanaomba mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Mwaka ukiisha tunavunja tunagawana na faida. Nimenunua friji na nimelipa ada kwa pesa ya kuvunja. Peke yangu nisingeweza, kwa sababu ukikosa Jumamosi moja wenzako wanakuulizia, wanakuja mpaka nyumbani. Aibu ile inasaidia.

Mchangiaji, Kisumu

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku chama ndiyo maisha yetu pia, kwa hivyo mama wa Mbeya namwelewa kabisa.

Niongeze kitu kuhusu simu. M-Shwari, akiba na mikopo ya kwenye M-Pesa, ilipokuja 2012 tuliona tumepata mahali pa kuweka akiba, na ile ya kufunga pesa hadi tarehe fulani imenisaidia kulipa karo. Lakini Fuliza, ile ya kukopeshwa salio la M-Pesa likipungua, ilipoingia 2019 watu wengi walianza kuishi kwa pesa ya kesho. Mshahara ukigonga simu, deni linakatwa kwanza, unabaki na nusu, jioni umekopa tena. Nikitazama, ni agizo la kudumu vilevile, ila linaelekea upande wa pili. Simu haikuulizi kama umechoka, inakata. Kama mashine inaweza kukukata kwa ajili ya deni, basi na wewe itumie ikukate kwa ajili yako.

Mleta mada

Ndugu wa Kisumu umeisema vizuri kuliko nilivyosema mimi.

Na hapa kwetu tusisahau kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali. Mtu anakopa 200,000 mtaani kwa riba ya 30% kwa mwezi. Kila mwezi riba peke yake ni 60,000. Akiilipa mwaka mzima bila kugusa deni lenyewe, ametoa 720,000 na bado anadaiwa laki mbili zilezile. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba ya 3.5% kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea akiba za wateja, na Novemba 2024 ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kukopa kwenye simu, angalia kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu (BoT). Wale wa kutuma ujumbe kwa namba zote ulizonazo kwenye simu, kwamba wewe ni tapeli, wanaharibu mpaka kazi za watu.

Kwa mwenye deni la namna hiyo, msimamo wangu ni kwamba asifikirie uwekezaji bado. Hakuna mfuko wala hatifungani (hati ya kuikopesha serikali kwa riba) itakayomlipa 30% kwa mwezi. Aweke akiba ndogo ya dharura tu ili asikope tena, nguvu zote zilizobaki ziende kwenye deni.

Sasa nirudi kwenye ndugu na michango. Kila mwezi kuna kadi ya harusi, kuna kikao cha sendoff, kuna msiba, kuna shangazi anaumwa kijijini, na kila kundi la WhatsApp linataja majina ya waliotoa na wasiotoa. Wapo wanaofundisha kwamba ukitaka kufanikiwa uwakate ndugu. Mimi siukubali ushauri huo hata kidogo. Ndugu ndio watakaokuzika, na wengi wetu tumesoma kwa pesa ya mjomba. Mtu asiyezikana na wenzake hata akiwa na maghorofa ni maskini.

Ninachoshauri ni fungu la watu. Siku ya mshahara tenga kiasi, weka kwenye laini nyingine ya simu, na hiyo ndiyo pesa ya michango, misiba na wazazi. Likiwa 60,000, ni 60,000. Wa kwanza kuomba anapata, wa pili anapata. Likiisha tarehe 18, wa tatu unamjibu kwa upole kabisa: "Ndugu yangu, fungu la mwezi huu limekwisha, niweke mwezi ujao." Humdanganyi, huzimi simu. Na mwezi ukipita bila msiba usiligawe. Liache likue, kwa sababu msiba mkubwa utakuja. Tangu nianze kuwashauri watu hivi, wengi wananiambia kilichobadilika zaidi ni moyo. Zamani kila simu ya nyumbani iliwashtua, siku hizi wanapokea.

Mchangiaji, Dodoma

Mimi ni mwalimu, sekta ya umma. Sisi tunalindwa na ile kanuni ya theluthi moja, makato yote yasikuache chini ya theluthi ya mshahara wa msingi. Lakini walimu wengi tumeigeuza ikawa shabaha. Mtu anakopa mpaka agonge theluthi, na mshahara ukiongezwa anaongeza mkopo juu ya mkopo. Ukimuuliza mkopo ulifanya nini, kiwanja kiko nusu, gari liko gereji.

Swali langu kwa mleta mada ni mawili. Tabia inachukua muda gani kukaa? Nimejaribu kuandika matumizi, siku ya nne nimesahau naacha. Na pili, hilo daftari la kazi sisi tunaolazimika kujaza PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, tunalihitaji kweli?

Mleta mada

Mwalimu asante sana.

Kuhusu muda, Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia ndogondogo za kila siku. Muda wa katikati ulikuwa siku 66, lakini wapo waliokadiriwa siku 18 na wapo waliokadiriwa 254. Kwa hiyo ukisikia "siku 21" usijihukumu nazo. Na waliona kwamba kuruka siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Wewe siku ya nne ulisahau, siku ya tano ukaacha. Tatizo lilikuwa siku ya tano.

Halafu kuandika matumizi yote ni kazi nzito, wengi hawaiwezi na si lazima. Kama akiba, kodi ya nyumba na fungu la watu vimeshatoka siku ya kwanza, kilichobaki kila jumatatu jihamishie robo yake kwenye laini ya matumizi. Ikiisha Ijumaa, imeisha. Huhitaji daftari kujua kwamba laini haina pesa.

Kama bado unataka kuandika, ifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku. "Nikishaweka simu kwenye chaji usiku, naandika." Usiseme "nitaandika usiku", maana usiku ni mrefu na una mambo mengi.

Daftari la kazi mnalihitaji kuliko wote. PEPMIS iliyochukua nafasi ya OPRAS, mfumo wa zamani wa tathmini, inataka uonyeshe majukumu na utekelezaji wake, na nawaona wengi wanasubiri dakika za mwisho wanaanza kubuni. Ukiwa na mistari yako ya kila jioni, kama vile "Kidato cha pili B, wanafunzi 52 wamefanya jaribio la Hisabati, 19 chini ya wastani, nimepanga marudio Alhamisi", kujaza mfumo ni kunakili tu.

Na kwa mafundi mnaosoma hapa kimya, ujuzi wa mtaani VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kuutambua na kuupa cheti bila kukurudisha darasani miaka. Fundi mwenye picha na tarehe za kazi alizofanya anajieleza vizuri zaidi mbele ya mtahini, na hata mbele ya mteja.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, mimi ndoto yangu ni hatifungani za serikali. Naweza kuweka 50,000 kwa mwezi. Inawezekana, au ni za matajiri?

Mleta mada

Inawezekana. Hatifungani za serikali, zinazouzwa kupitia Benki Kuu, zinaanzia 1,000,000. Kwa 50,000 kwa mwezi utafika baada ya miezi 20 hata bila kuhesabu faida. Katika miezi hiyo usiziache kwenye simu, ziweke kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja zikue kidogo. Ukishafika, unafungua akaunti ya CDS, inayotunza hatifungani zako, kupitia benki au dalali wa soko la hisa, unaomba kwenye mnada. Riba inalipwa kila nusu mwaka, na ukibanwa kabla ya muda kuisha unaweza kuiuza kwenye soko la hisa la Dar es Salaam (DSE), ila bei siku hiyo inaweza kuwa juu au chini ya uliyonunulia. Anza ukiwa tayari na akiba ya dharura pembeni, ili usilazimike kuuza.

Mchangiaji, Dar

Ni yule wa boda tena. Nimeongea na kijiwe, tuko watu tisa tunataka kuanza kikundi kama cha mama wa Mbeya. Tunaanzia wapi, na wale wenye mshahara unaochelewa agizo la kudumu wanaliweka tarehe ngapi?

Mleta mada

La agizo kwanza: usiweke tarehe ya mshahara, weka siku tatu au nne mbele yake. Agizo likikuta akaunti tupu linakataliwa, na baadhi ya benki zinatoza faini. Kama mwajiri wako hana tarehe inayoeleweka, achana na agizo, omba SACCOS ikate kwenye mshahara wenyewe.

La kikundi, andikeni katiba fupi kabla ya shilingi ya kwanza kuwekwa: bei ya hisa, siku ya kukutana, faini ya kuchelewa, riba ya mkopo, ukomo wa mkopo kwa hisa za mtu, na tarehe ya kuvunja. Bei ya hisa muiweke ile ambayo mwenzenu wa kipato cha chini kabisa anaiweza siku ya mvua. Mwenye nacho atanunua hisa nyingi. Mweka hazina asiwe na ufunguo wa sanduku, na pesa zihesabiwe kwa sauti mbele ya wote mwanzo na mwisho wa kila kikao. Kisha nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, atawaelekeza namna ya kukisajili kikundi. Mama wa Mbeya, kama una nakala ya katiba yenu usiyoona shida kuitoa, ondoa majina ya watu uwawekee hapa.

Mchangiaji, Mbeya

Ninayo, ni kurasa mbili. Jumamosi nitawaomba ruhusa wenzangu kikaoni, wakikubali naipiga picha naiweka jioni.